Bahasha ifike kabla ya faili

Mtu akiniletea fomu ya kuomba nakala za matibabu yake kwa ajili ya kesi, humuuliza swali moja kabla sijagonga muhuri: wakili wako ameshaiomba mahakama izifunge, yaani zisisomwe bila ruhusa yake? Wengi hushangaa. Wanajua hospitali ina wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, na wanaamini wajibu huo unasafiri na karatasi hadi mahakamani. Hausafiri. Karatasi ikishapokelewa masjala ya mahakama na kuingizwa kwenye jalada la shauri, inakuwa kumbukumbu ya mahakama, na kumbukumbu za mahakama kwa kawaida ziko wazi mpaka jaji au hakimu aseme vinginevyo.

Nafanya kazi kitengo cha kumbukumbu za afya. Sehemu ya kazi yetu ni kupokea hati za wito, kutoa nakala na kuzithibitisha, na mara nyingine kupanda kizimba cha mashahidi na faili mkononi kueleza kwamba hili ndilo faili halisi la mgonjwa fulani. Mimi si mwanasheria. Haya ninayoandika mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyatafuta na kuyasoma kwa sababu niliyoyaona yalininyima usingizi. Nina jambo moja la kusema: ombi la kufunga kumbukumbu za matibabu lifike mahakamani kabla ya kumbukumbu zenyewe, na liwe dogo kiasi kwamba jaji hapati sababu ya kulikataa.

Asiyefanya kazi na mafaili hudhani faili la mgonjwa ni orodha ya magonjwa na dawa. Lingekuwa hivyo kazi yetu ingekuwa nyepesi. Faili ni maisha ya mtu jinsi alivyoyasimulia akiwa na maumivu, mbele ya watu aliowaamini. Humo mna kipimo cha mimba ambacho mume hakijui. Mna siku aliyomwambia muuguzi kwamba lile jeraha la jichoni halikutokana na kuanguka. Mna historia ya familia: mama ana kifafa, kaka alijinyonga, mtoto wa kwanza si wa baba anayemlea. Mama huyo na mtoto huyo hawamo kwenye kesi. Hawakupata wito, hawana wakili, na huenda wasijue kamwe kwamba habari zao zimesomwa kwa sauti mbele ya watu wasiowafahamu. Kila ninapotoa nakala huwafikiria hao kwanza.

Kuna dada mmoja aligongwa na gari, mguu ukavunjika, akafungua madai ya fidia. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Upande wa pili uliomba "kumbukumbu zote za matibabu", na amri ikatoka na maneno hayohayo. Faili lilikuwa nene. Mguu ulichukua kurasa chache za mwisho: majibu ya eksirei, maelezo ya upasuaji wa kuweka vyuma, maendeleo ya mazoezi ya viungo. Kabla ya hapo kulikuwa na mimba iliyoharibika, kulazwa wodi ya magonjwa ya akili baada ya msiba, na ukurasa mmoja wa mwandiko mdogo sana ambao muuguzi wa zamu ya usiku aliandika mambo ambayo dada yule alimweleza kuhusu nyumbani kwao.

Nilimpigia simu wakili wake.

"Wakili, amri umeisoma?"

"Nimeisoma, Mama. Ndiyo amri ya kawaida hiyo."

"Na faili umelisoma?"

Akanyamaza. Kesho yake alikuja, akakaa kwenye meza yetu akalisoma tangu ukurasa wa kwanza. Aliponyanyuka hakuwa na maneno mengi. Aliomba nimwandikie orodha ya kurasa kwa namba, tarehe na idara iliyoandika, bila kutaja ugonjwa. Orodha ile ndiyo iliyomsaidia mahakamani, kwa sababu alipomwomba hakimu arekebishe amri hakusema "funga faili lote". Alisema kurasa hizi zinahusu ajali na tunazitoa, kurasa hizi hazihusu, na hizi chache hapa katikati tunabishania, basi Mheshimiwa azisome mwenyewe kwanza. Hakimu akakubali. Zile za katikati zikapelekwa kwenye bahasha iliyotiwa lakiri, juu yake namba ya shauri na maneno kwamba isifunguliwe ila kwa amri ya mahakama. Baada ya kuzisoma alizirudisha karibu zote hospitalini, hazikuingia kwenye shauri kabisa.

Hata hivyo siri ile nusura itoke kupitia ombi lenyewe. Hati ya kiapo iliyounga mkono ombi ilikuwa na aya ndefu iliyoeleza kwa nini kurasa zile zifungwe: kwa sababu mwombaji aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, tarehe fulani, wodi fulani, na kwa sababu mimba yake iliharibika. Kila kitu kilichokusudiwa kufichwa kiliandikwa vizuri kwa taipu, kikaapiwa na kuwekwa kwenye jalada la wazi. Karani mmoja wa mahakama mwenye macho makali ndiye aliyeiona. Wakili aliomba ruhusa kuweka kiapo kifupi badala ya kile, na kile kirefu kikaingia ndani ya bahasha. Tangu hapo kila wakili anayefika mezani kwangu namsihi: andika hati mbili. Ya wazi iseme tu kwamba kurasa namba kadha hadi kadha zina taarifa za afya zisizohusiana na madai. Ya pili, yenye sababu zenyewe, iende kwa jaji ikiwa imefungwa.

Njia nyingine za siri kuvuja ni za kawaida mno, ndiyo maana watu hawaziangalii. Orodha ya vielelezo ni mojawapo. Kielelezo chenyewe kimefungwa, lakini orodha iliyo mbele ya jalada inasema "Ripoti ya Kliniki ya Magonjwa ya Akili". Ankara za hospitali na madai ya bima ni hatari zaidi. Huletwa kuthibitisha gharama, na kila mtu anaangalia jumla ya fedha chini ya ukurasa, wakati pembeni kuna msimbo wa ugonjwa. Misimbo hiyo ni ya kimataifa, imetolewa na Shirika la Afya Duniani, na yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta. Katika toleo la 10, F32 ni sonona, F20 ni skizofrenia, B20 ni ugonjwa unaotokana na VVU, O03 ni mimba iliyoharibika yenyewe. Karatasi imefutwa majina ya magonjwa yote, misimbo imebaki. Halafu kuna stakabadhi za duka la dawa, kwa sababu dawa nyingine zinajulikana zinatibu nini hata na mtu ambaye hajawahi kuugua.

Kufuta nako kuna namna yake. Kalamu nyeusi juu ya karatasi haitoshi. Inyanyue karatasi hiyo kwenye mwanga wa dirisha, mara nyingi maneno unayasoma. Sisi huziba, tunatoa nakala ya ile iliyozibwa, na nakala ndiyo inayoondoka. Kwenye kompyuta ni vibaya zaidi, kwa sababu mstatili mweusi uliochorwa juu ya maandishi kwenye faili la PDF unafunika macho tu. Maandishi yapo chini yake, mtu anayachagua na kuyanakili kama kawaida. Januari 2019, Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha hati mahakamani iliyozibwa kwa namna hiyo, na waandishi wa habari wakayasoma yaliyofichwa siku hiyohiyo. Ile haikuwa hati ya hospitali, lakini kosa ni lilelile, na walioteleza walikuwa mawakili wa kesi kubwa inayotazamwa na nchi nzima.

Kwa nini basi mahakama zisifunge tu kila karatasi ya hospitali? Nimewahi kulitamani hilo, na nadhani kila mtu wa kazi yangu amelitamani. Lakini naielewa sababu, na naiheshimu. Hukumu inayotolewa gizani haiwezi kupimwa na mtu yeyote. Uamuzi unaorejewa sana kuhusu mahakama kuwa wazi, Scott dhidi ya Scott wa mwaka 1913 nchini Uingereza, ulitokana na suala la kitabibu hasa: mke aliomba ndoa ibatilishwe kwa madai kwamba mume hakuweza tendo la ndoa. Shauri lilisikilizwa faragha, kisha mke akawapelekea baadhi ya watu nakala za mwenendo wake, wakiwemo ndugu wa mume. Mahakama ya chini ikasema ameidharau mahakama. Majaji wa Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, walikataa. Walisema aibu ya mambo yanayozungumzwa haitoshi peke yake kufunga milango. Lazima ionekane kwamba bila kuifunga haki yenyewe haitapatikana.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye msingi huo bado uko imara, ila majaji wamejifunza kutofautisha aibu na kitu kizito zaidi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua shauri la mirathi ya Barry na Honey Sherman, mke na mume matajiri waliokutwa wamekufa nyumbani kwao Toronto mwaka 2017. Wasimamizi wa mirathi walitaka majalada yafungwe. Mahakama ilikataa, lakini kipimo ilichotumia kinafaa kujulikana na kila mgonjwa. Anayeomba kufungiwa aonyeshe kwamba uwazi unahatarisha kwa uzito maslahi muhimu ya umma, kwamba amri anayoomba ni ya lazima kwa sababu hatua nyepesi kuliko hiyo haitatosha, na kwamba faida yake inazidi hasara. Na faragha ni maslahi muhimu ya umma pale inapogusa utu wa mtu, yaani habari zinazofichua kiini cha maisha yake. Katika mifano ya habari za aina hiyo mahakama ilitaja magonjwa yanayomletea mtu unyanyapaa. Waliokuwa wakitaka kuyafunga majalada ya Sherman hawakuwa na habari za namna hiyo ndani yake.

Ndiyo maana nasema ombi liwe dogo. Anayeomba faili lote lifungwe anamlazimisha jaji achague kati ya mgonjwa na umma, na jaji mwaminifu ataegemea umma. Anayeomba kurasa chache, kwa sababu inayoeleweka, anamrahisishia.

Kuna hukumu moja ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ambayo naitaja kila ninapopata nafasi. Ni Z dhidi ya Finland, ya Februari 1997. Z alikuwa mwanamke ambaye mumewe alishtakiwa kwa makosa ya kujamiiana kwa nguvu, na jambo lililobishaniwa ni lini mume alijua kwamba ana VVU. Z hakuwa mshtakiwa wala mlalamikaji. Lakini madaktari wake waliamriwa kutoa ushahidi, na faili lake la matibabu likachukuliwa na kuunganishwa kwenye jalada la upelelezi. Mahakama ya Ulaya ilisema hatua hizo mbili ziliweza kukubalika, kwa kuwa kosa lilikuwa zito na taarifa haikupatikana kwingine. Ilipokuja kwenye kinachofuata ndipo ilipokuwa kali. Mahakama za Finland zilikuwa zimeagiza karatasi zibaki siri kwa miaka 10, ili ifikapo 2002 ziwe wazi kwa yeyote. Na mahakama ya rufani ilikuwa imemtaja Z kwa jina lake kamili pamoja na hali yake ya VVU ndani ya hukumu, nayo ikafika kwenye magazeti. Yote mawili yalionekana kukiuka haki yake ya maisha ya faragha.

Soma hapo polepole. Faili lilifungwa, na aliyemfichua mgonjwa ni hukumu. Majaji wanaandika hukumu wakiwa wamechoka, wana mashauri mengi, wanataka kuonyesha kwamba wamesoma kila kielelezo, na wanajikuta wananukuu ripoti ya daktari neno kwa neno kwenye hati ambayo ndiyo itakayosambaa kuliko zote. Katika L.L. dhidi ya Ufaransa, mwaka 2006, mahakama iliyovunja ndoa ilinukuu ripoti ya upasuaji wa mume iliyoonyesha ulevi wake. Mahakama ya Ulaya iliona kwamba ushahidi mwingine ungetosha kufikia uamuzi uleule, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuitumia ripoti ile. Na katika C.C. dhidi ya Hispania, mwaka 2009, mtu aliyekuwa anabishana na kampuni ya bima aliomba tu jina lake liandikwe kwa herufi za mwanzo katika hukumu iliyotaja kwamba ana VVU. Alikataliwa nchini kwake, akashinda Strasbourg, mji iliko Mahakama ya Ulaya.

Mimi napenda sana njia ya herufi za mwanzo. Inauacha umma usome sheria yote, sababu zote, hoja zote, na inamwondoa mtu mmoja tu. Gazeti halikosi habari, mwanafunzi wa sheria hakosi somo. Ila herufi peke yake hazimfichi mtu kama hukumu inaendelea kutaja kazi yake, tarehe yake ya kuzaliwa, mahali anapoishi na ugonjwa usioonekana mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Latanya Sweeney, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, alichukua takwimu za hospitali za jimbo la Massachusetts ambazo majina yalikuwa yameshaondolewa, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akaipata rekodi ya gavana wa jimbo hilo, William Weld. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, basi. Kwa hiyo anayeomba herufi za mwanzo aombe pia mwaka wa kuzaliwa badala ya tarehe, na mahali patajwe kwa upana.

Usitegemee kanuni za mahakama zikufanyie kazi hii zenyewe. Mahakama za shirikisho za Marekani zina kanuni ya 5.2 ya mashauri ya madai, iliyoanza Desemba 2007, inayotaka kila anayewasilisha hati azibe namba ya hifadhi ya jamii, tarehe ya kuzaliwa ibaki mwaka, jina la mtoto libaki herufi za mwanzo, na namba ya akaunti ibaki tarakimu nne za mwisho. Ugonjwa haumo kwenye orodha. Sheria maarufu ya nchi hiyo ya siri za wagonjwa, HIPAA ya mwaka 1996, inazibana hospitali na bima. Karatasi ikiwa tayari ndani ya jalada la mahakama, mahakama haibanwi nayo. Kuna kitu kizuri ndani ya kanuni zake lakini: hospitali inaweza kutoa kumbukumbu ikihakikishiwa kuna amri ya ulinzi inayowakataza wahusika kuzitumia nje ya shauri lile, na kuwataka wazirudishe au waziteketeze shauri likiisha. Sentensi hizo mbili zinaweza kuombwa katika mahakama yoyote duniani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, nayo inampa kila mtu haki ya kutotakiwa kutoa au kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake binafsi pasipo ulazima. Mgonjwa anaweza kujenga ombi zima juu ya hilo neno ulazima, kwa sababu ndilo swali linalopaswa kuulizwa kwa kila ukurasa.

Kwenye mashauri ya kubakwa na kudhalilishwa jambo hili linanigusa kuliko yote, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo. Upande wa utetezi mara nyingi hutaka maelezo ya ushauri nasaha ya mlalamikaji. Mtu ameumizwa, akaenda kutafuta msaada, na maneno aliyoyasema akilia yanatakiwa na aliyemuumiza. Kanada ilitunga sheria mwaka 1997 kwa ajili ya hili hasa, na Mahakama yake ya Juu ikaithibitisha mwaka 1999 katika shauri la Mills. Mshtakiwa lazima kwanza aonyeshe kwamba kumbukumbu zinaelekea kuhusiana na jambo linalobishaniwa. Akifaulu, jaji anazisoma mwenyewe faragha. Baada ya hapo ndipo anaamua kama mshtakiwa apewe, na apewe kiasi gani, kwa masharti gani. Mwenye kumbukumbu ana haki ya kusikilizwa na kuwa na wakili wake. Ukiniuliza, utaratibu huo ungefaa kwa kila faili la hospitali katika kila aina ya shauri, kwa sababu unauliza swali la kwanza lililo sahihi: je, karatasi hii ina haja ya kuja kabisa? Kufunga ni kwa ile ambayo lazima ije. Marekani, mwaka 1996, katika shauri la Jaffee dhidi ya Redmond, Mahakama ya Juu ya nchi ilisema maelezo ya siri kati ya mgonjwa na mtaalamu wake wa tiba ya kisaikolojia hayalazimishwi kutolewa katika mahakama za shirikisho. Askari polisi aliyemuua mtu kwa risasi alikuwa amehudhuria ushauri nasaha, naye mshauri alikataa kutoa daftari lake. Majaji walisema tiba ya namna hiyo inasimama juu ya kuaminiana, na uwezekano wa kufichuliwa peke yake unaweza kuikwamisha.

Na hofu hiyo naiona dirishani. Mtu akisikia kwamba jirani yake alisomewa ugonjwa wake mahakamani, anapokwenda kwa daktari anaficha. Hasemi dawa anazotumia. Hasemi kwamba aliwahi kujaribu kujiua. Daktari anaandika "hana historia ya ugonjwa wowote", anampa dawa isiyopatana na ile anayoimeza kwa siri, na tunampokea usiku kupitia mlango wa dharura.

Sasa niseme lile ambalo wenzangu wa hospitali hawatalifurahia. Siri ni ya mgonjwa. Kuna mashauri ambayo mgonjwa, au familia yake, inaidai hospitali kwa uzembe, na hospitali ndiyo inayokimbilia kuomba jalada lifungwe, ikisema inalinda faragha ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe amekaa pale, hajaomba kulindwa, anataka watu wajue kilichompata. Hapo ombi la kufunga linailinda hospitali dhidi ya macho ya watu, na mahakama ilikatae. Kinachofaa kuzibwa kwenye shauri kama hilo ni majina ya wagonjwa wengine waliotajwa kwenye daftari la wodi siku ile.

Mgonjwa naye anayedai fidia asidhani anaweza kufunga kila kitu. Ukisema mgongo unakuuma kwa sababu ya ajali, mgongo wako umeuleta mwenyewe mbele ya mahakama, na upande wa pili una haki ya kujua kama ulikuwa unauma kabla. Haki hiyo inaishia mgongoni.

Kwa anayeandaa shauri, haya ndiyo ninayotamani kuyaona kwenye amri inapofika kwetu: kurasa au tarehe zimetajwa, idara zisizohusika zimeachwa nje, walioruhusiwa kusoma wametajwa kwa nafasi zao, wakili, mtaalamu wa kila upande, jaji, nakala haziongezwi, shahidi akihojiwa juu ya kurasa hizo watu wengine watoke kwa muda huo tu kisha milango ifunguliwe, hukumu itumie herufi za mwanzo na isinukuu maelezo ya daktari zaidi ya yanayohitajika, na kufungwa kusiwe na tarehe ya kuisha kimyakimya, kufunguliwe kwa ombi jipya ambalo mgonjwa ataarifiwe. Amri ya namna hiyo haizidi ukurasa mmoja. Nimewahi kuipokea, na siku hiyo kazi yetu ilikwenda haraka kuliko kawaida kwa sababu hatukuwa na cha kukisia.

Shauri likiisha bado kuna kazi. Nenda masjala ya mahakama, au mtume wakili wako, mwombe jalada kama ambavyo mtu wa nje angeliomba. Angalia orodha ya vielelezo. Angalia viapo. Tafuta hukumu kwenye mtandao kwa jina lako, kisha kwa jina la ugonjwa na la hospitali. Ukikuta kitu, omba marekebisho mara moja, kwa sababu mitambo ya kutafutia inahifadhi nakala na kila siku inayopita inazidisha waliosoma. Mawakili wa pande zote warudishe nakala au wathibitishe kwa barua kwamba wameziteketeza, na barua hizo ziletwe hospitalini. Mimi huzibandika upande wa ndani wa jalada la faili lenyewe, pamoja na amri ya mahakama, ili afisa atakayepokea wito mwingine juu ya mgonjwa huyo ajue ni kurasa zipi zilishatoka, kwa masharti gani, na zipi jaji alishakataa zisitoke.